Mkaa hautatoka nyumbani mpaka tujue kupika maharage

Mhariri,

Kila bei zinapopanda, ushauri tunaopewa kwenye magazeti na redioni ni uleule: tupunguze chakula. Nyama iwe mara moja kwa wiki, chai inywewe kavu, mlo wa mchana usogezwe mpaka uungane na wa jioni. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno kuhusu kilicho chini ya sufuria, maana kwa nyumba nyingi za mjini huko ndiko fedha inakovujia, na huko ndiko mtu anaweza kubana bila mtoto kulala na njaa.

Nitachukua chakula kimoja tu, maharage.

Ukiingia nyumba ya kawaida Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza leo, utakuta mtungi wa gesi wa kilo 6. Chai, mayai, mchicha na wali vinapikwa hapo. Lakini nje ya mlango kuna jiko la mkaa na kiroba kimeegemezwa ukutani, na ukimwuliza mama mwenye nyumba mkaa huo ni wa nini, atakujibu bila kufikiri: wa maharage. Mwingine atasema wa makande. Hakuna anayekubali gesi iwake saa tatu chini ya sufuria moja. Kwa hiyo nyumba inalipia mtungi, inalipia na mkaa, na mkaa wenyewe inaununua kwa kisado, ambapo ukijumlisha visado vya mwezi mzima unakuta umelipa kuliko aliyenunua gunia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi inagawiwa, na ni jambo jema. Lakini mtungi ukigawiwa bila somo la maharage, kiroba kitabaki palepale ukutani.

Somo lenyewe linaanza na maji. Maji yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto. Pwani yanaishia nyuzi 100, yawe yanatokota mpaka mfuniko unarukaruka au yanachemka taratibu pembeni tu ya sufuria, na maharage yaliyomo hayaivi mapema kwa sababu ya kelele. Kinachozidi ni mvuke, na mvuke ni ghali mno. Moto unaohitajika kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ungetosha kuchemsha lita saba za maji ya bombani. Kila mara unapomimina jagi la maji kwenye maharage kwa sababu yamekauka, moto wa kuchemsha ndoo umeshapanda hewani. Mfuniko unaobana na moto uliopunguzwa dakika ileile yanapoanza kutokota vinaokoa kuliko jiko lolote la kisasa utakalouziwa.

Ndugu zetu wa Mbeya, Iringa na Njombe wana hesabu yao. Kila mita 300 za mwinuko, maji hupunguza kama nyuzi moja ya joto la kuchemkia. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94. Ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva Dar es Salaam kwa saa moja na nusu huko yanavuka saa mbili. Kuongeza mkaa hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuloweka, na kwa mwenye uwezo, sufuria ya presha.

Tuje kwenye kuloweka, ambako watu wengi hufanya nusu ya kazi. Kilo moja ya maharage makavu inahitaji lita tatu za maji, kwa sababu yenyewe yatakunywa karibu lita moja na yanapaswa kubaki yamefunikwa. Yachambue kwanza, yaoshe, kisha weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita ya maji ya kulowekea. Najua wengi wameambiwa chumvi hukaza maharage. Si kweli. Ganda la haragwe linakazwa na chokaa iliyomo ndani yake, na chumvi hulegeza chokaa hiyo, hivyo ganda linalainika na halipasuki ovyo. Kinachokaza ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju, maziwa mtindi. Ukitia nyanya kabla maharage hayajaiva, unaweza kukaa nayo hadi usiku na punje bado zinagonga meno. Nyanya ingie wakati wa kuunga tu.

Loweka saa 3 usiku, mwaga maji saa 1 asubuhi. Saa kumi zinatosha. Kwenye joto la pwani ukipitisha saa kumi na mbili utaona povu juu na kusikia harufu ya uchachu. Hapo yameanza kuchacha, na watu huishia kuyamwaga. Anayerudi kazini jioni bila kuloweka ana njia fupi: chemsha maharage dakika mbili, zima moto, funika, acha saa moja, mwaga maji hayo, anza kupika na mapya.

Kabla hujabandika, kata punje moja katikati kwa kisu. Ikiwa imelowa vizuri, ndani pana rangi moja kuanzia ukingoni hadi katikati, na kisu kinapita kama kwenye karanga mbichi. Ukiona kidoa cheupe kikavu katikati, kama chaki, maji hayajafika. Acha saa mbili tena. Ukiona ganda limekunjamana na ndani bado pagumu, basi hayo ni maharage ya zamani, na hapo hakuna kuloweka kutakakoyarudisha ujana.

Maharage ya zamani ni hasara ambayo haiandikwi popote. Haragwe lililokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu hubadilika ndani yake, likawa gumu kuiva hata likipikwa saa nne. Sokoni huuzwa kwa bei pungufu kidogo, na mtu huondoka amefurahi. Yatazame: rangi imefifia na kugeuka kahawia, hayang'ai, na ukiyatia majini mengi yanaelea kwa kuwa wadudu wameshayatoboa. Ukipunguziwa shilingi mia mbili kwenye kilo ukaongeza mkaa wa saa moja na nusu, umepata hasara. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu wa Dar es Salaam au Tanga anunue maharage ya mwaka mzima wakati wa mavuno. Ya miezi mitatu au minne yanatosha, yahifadhiwe kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Na anayepata maharage ya njano, ayachukue. Kwa kawaida huiva mapema kuliko mengi ya mekundu.

Magadi yanalainisha haraka, ni kweli. Lakini yanaua vitamini B1, na vitamini hiyo ni mojawapo ya sababu za kula maharage, halafu mchuzi unateleza na kuonja kama sabuni. Kwa aliyelazimika, mfano kwenye maji ya kisima yenye chokaa nyingi, itoshe chembe ya kushika kwa vidole viwili kwa kilo nzima. Utayajua maji hayo kwa sabuni isiyotoa povu na ukoko mweupe ndani ya birika. Njia bora ni kulowekea na kupikia maji ya bomba au ya mvua, ya kisima yabaki kuoshea vyombo.

Sasa kapu. Hiki ndicho chombo kinachoweza kuhamisha maharage kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye gesi, na hakina moto wala waya. Wengine hukiita jiko kapu. Chakula kilichokwisha kuchemka kinawekwa ndani ya kapu lililojazwa kitu cha kuzuia joto, na kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

Tafuta kapu la ukindu, la mianzi, au hata boksi gumu la mbao, ambalo ukiweka sufuria katikati inabaki nafasi ya sentimeta 10 pande zote na chini. Sentimeta 10 ni upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Ikipungua hapo joto linatoka. Shona mfuko wa kitenge au khanga kuukuu unaozunguka kapu kwa ndani, ujaze sufi. Sufi ndiyo bora kwa sababu ni nyepesi na imeshika hewa nyingi, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Ukikosa sufi, tumia pamba ya godoro lililochakaa, vitambaa vilivyokatwakatwa, au maganda makavu ya mpunga. Usishindilie, ukishindilia umeitoa hewa na umebaki na kitambaa kizito. Mfuniko wa kapu ni mto uliojazwa theluthi mbili tu, ili ulale na kuziba mapengo yote. Mto uliojaa pomoni unakaa juu kama jiwe na joto linapita pembeni.

Sufuria iwe ya mikono miwili mifupi, siyo yenye mpini mrefu, na mfuniko wake ubane. Kwa kilo moja ya maharage yaliyolowekwa chukua ya lita 5. Weka maji mapya mpaka yapite juu ya maharage kwa vidole viwili, kama lita mbili hivi. Usizidishe, maana ndani ya kapu hakuna maji yanayokauka, na hutakuwa na nafasi ya kupunguza mchuzi bila kuunguza gesi uliyookoa.

Bandika kwenye gesi na mfuniko, moto mkubwa mpaka yatokote, kisha punguza na uache yaendelee kuchemka dakika 20 kamili. Nyanda za juu ziwe 30. Tafadhali msomaji usizipunguze dakika hizi. Kwanza, katikati ya punje panachelewa kupata joto kuliko maji yanayoizunguka. Ukiweka kapuni mapema, maji ni ya moto lakini punje bado. Pili, na hili ni la afya, maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huleta kutapika na kuhara saa chache baada ya kula. Mchemko wa kweli huiharibu. Joto la nyuzi 80, ambalo ndilo kapu linaweza kushukia, haliiharibu. Mtu aliyechemsha dakika tano akaliachia kapu limalizie anaweza kuiumiza familia nzima, halafu lawama ziende kwa kapu. Na maji ya kulowekea yamwagwe, yasipikiwe.

Dakika 20 zikiisha, chota punje tatu kwa kijiko uzipulizie. Ganda likipasuka na kujikunja kwa pumzi yako, yako tayari kwenda kapuni. Likibaki limekaza, ongeza dakika kumi. Epua, futa chini ya sufuria kwa kitambaa kikavu, na kama umepikia mkaa hakikisha hakuna kaa lililonata, kwa sababu sufi inashika moto upesi. Ifunge sufuria kwenye taulo, iteremshe kapuni, weka mto, na usifungue. Kuchungulia mara moja kunatoa mvuke wote uliokuwa unafanya kazi. Baada ya saa mbili toa, rudisha kwenye gesi, unga kwa kitunguu, nyanya na tui, yachemke dakika kumi. Yameiva.

Yasilale humo usiku kucha. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaana, na kapu ambalo lilikuwa linapika sasa linawatunzia wao joto. Saa nne ndiyo mwisho, na kila kitokacho kapuni kichemke tena kabla ya kuliwa. Kwa kilo moja, nusu ya kesho iwekwe kwenye friji bila kuungwa. Kwa wasio na friji, ni afadhali kupika nusu kilo kwenye sufuria ndogo ya lita 3, kwa sababu nusu kilo ndani ya sufuria kubwa hupoa haraka. Sufuria isiyojaa walau theluthi mbili haifai kapuni kabisa; hilo ndilo kosa la kwanza la wanaosema walijaribu ikashindikana. La pili ni sufi yenye unyevu. Ianikwe juani kila wiki.

Tupige hesabu ya gesi. Sufuria hiyo ya kilo moja itatumia gramu 50 hivi kufikia mchemko, gramu 20 kwa zile dakika 20 za moto mdogo, na gramu 25 hadi 30 za kuunga. Jumla gramu 100. Maharage hayohayo yakikaa juu ya moto saa mbili na nusu huku yakiongezewa maji yatakula karibu gramu 300. Kwa mtungi wa kilo 6, hizo ni sufuria 60 dhidi ya 20. Moto wa plate kubwa unaopita pembeni mwa sufuria ndogo utaharibu hesabu hii, kwa hiyo maharage yakae kwenye plate inayolingana na kitako cha sufuria.

Na mkaa je? Hapa nitatoa kanuni ambayo kila mtu anaweza kuitumia kwa bei ya mtaani kwake. Kilo moja ya gesi huipa sufuria joto sawa na kilo nne za mkaa kwenye jiko la bati tupu, au kilo tatu kwenye jiko lenye udongo ndani. Kwa maana hiyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 za mkaa kwa mwenye jiko la bati, na kilo 18 kwa mwenye la udongo. Chukua kisado chako kilichojaa mkaa, kipime kwenye mizani ya duka la jirani, toa uzito wa chombo, gawanya bei kwa kilo. Zidisha kwa 24 au 18, kisha linganisha na bei ya kujaza mtungi. Karatasi moja na kalamu. Wengi watakaofanya hivyo watashangaa.

Kinachowashinda watu ni kwamba gesi inadai fedha yote kwa siku moja, wakati mkaa unakubali elfu moja leo na elfu moja kesho. Kwa hiyo fedha ya kisado isikome siku mtungi ulipojazwa. Iendelee kutolewa kila siku kama vile mkaa bado unanunuliwa, iingie kwenye kibubu au kwenye akaunti ya simu isiyoguswa, na siku mtungi unapoisha iwe tayari imetimia.

Mwenye umeme ana njia nyingine. Jungu la presha la umeme la lita 6 lenye wati 1,000 halivuti umeme muda wote. Likishafika kwenye presha linazima na kuwaka lenyewe. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa hutumia kama theluthi moja ya uniti. Kwa tarifu ya kawaida ya majumbani ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 120. Usijaze kupita nusu, kwa sababu maharage hufura na povu lake huziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko ukilegea, mvuke utavuja, presha haitafika na umeme utaenda bure. Ukatafutwe mwingine mapema. Walioko kwenye tarifu ya wenye matumizi madogo waangalie tu wasipite uniti 75 kwa mwezi.

Vyakula vingine nitavipitia haraka. Choroko hazihitaji kulowekwa: dakika 10 za mchemko, saa moja kapuni. Wali: maji yakikaribia kukauka, unaingia kapuni nusu saa, na hakuna ukoko wala kupalia mkaa juu. Makande yalowekwe mahindi na maharage pamoja, yachemke dakika 40, kapuni saa tatu, kisha yarudi motoni. Njugu mawe sishauri, ni ngumu mno.

Najua mkaa hautaisha kesho, kwa hiyo anayeutumia autumie vizuri. Chagua mzito, unaolia kama chungu kizima ukigonganisha vipande viwili. Ule wa mwembe au mkorosho ni mwepesi, unajaza kisado upesi na unaisha upesi. Ulioloa uanikwe kwanza, la sivyo robo saa ya mwanzo unapikia maji yaliyo ndani ya mkaa. Uwashie kwa makumbi ya nazi au maganda makavu ya machungwa, siyo mifuko ya plastiki, ambayo moshi wake ni sumu kwa anayepuliza. Maharage yakitokota, ziba kidirisha cha jiko kibaki upenyo wa kidole kimoja. Ukimaliza, usimwagie maji makaa yaliyobaki. Yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, yazimike kwa kukosa hewa, na debe likae nje. Kesho yanawaka upya. Jiko lenye ufa kwenye udongo lizibwe na fundi kabla udongo haujamomonyoka, maana ufa huo unapitisha joto kwenye bati badala ya sufuria. Na jiko la mkaa lisilale chumbani hata siku moja, hata kama halitoi moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Chenga zinazobaki chini ya gunia watu huzimwaga, na ni mkaa kamili. Kwa kilo moja ya chenga zilizotwangwa, pika uji mwembamba wa vijiko saba vya chakula vya unga wa muhogo kwa robo tatu ya lita ya maji. Changanya mpaka ukifinya mkononi linashikamana bila kuchuruzika. Viringisha madonge makubwa kidogo kuliko yai, anika siku nne za jua kali. Likivunjwa na katikati likionekana na unyevu, rudisha juani, kwani litatoa moshi na kupasukia jikoni. Udongo wa mfinyanzi nao unashikisha, ila ukizidi sehemu moja kwa nne utapata majivu mengi na moto hafifu. Madonge haya hayafai kwa chai ya asubuhi, yanachelewa kushika. Kwa maharage yanafaa sana, yana moto wa taratibu unaodumu.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Magazeti yetu huchapisha bei za mchele, unga, sukari na maharage kwa kilo. Mkaa huchapishwa kwa gunia, na gunia halina kipimo kimoja: kuna lililofungwa mdomoni na kuna lililowekewa kilemba cha majani juu kama lumbesa. Kisado nacho kina kina tofauti kwa kila muuzaji. Mwandishi wako akienda sokoni na mizani, apime gunia moja na visado vitatu, kisha aandike bei ya mkaa kwa kilo kwenye orodha ileile, mstari wa chini ya maharage, na bei ya gesi kwa kilo chini yake.

Wako,
Msomaji, Morogoro